Barua ya wazi kwa viongozi wa Kagera: rweya ikiisha, senene watatoka wapi?

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Kagera, wakuu wa wilaya, wenyeviti na wakurugenzi wa halmashauri zote za mkoa, pamoja na maofisa wa ardhi, misitu, kilimo, mifugo na mazingira walio chini yenu.

YAH: KUPIMA NA KUTENGA RWEYA KABLA HAIJAGAWIWA YOTE

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Ombi langu nalitanguliza, ili hata atakayesoma aya moja tu aondoke nalo: naomba kila kijiji chenye rweya, yaani nyasi za wazi kati ya kijiji na kijiji, katika mkoa huu kisaidiwe na halmashauri yake kuipima rweya hiyo, kuichora kwenye ramani ya mpango wa matumizi ya ardhi, na kutenga sehemu itakayobaki nyasi. Isiandikwe "eneo la akiba". Isiandikwe "eneo la kupanda miti". Iandikwe nyasi. Yanayofuata ni sababu zangu, na namna ninavyoona jambo hili linaweza kufanyika bila kusubiri mfadhili.

Najua meza zenu zimejaa barua za maji, barabara, madawati na bei ya kahawa, na mtu anayewaandikia kuhusu mdudu kama senene huonekana amekosa kazi. Basi tukumbushane mdudu mwenyewe ni nani. Ni yule ambaye akishuka mwezi wa kumi na moja, Bukoba mjini hailali. Watoto, akina mama, vijana wa bodaboda, walinzi, hata watumishi wa umma wanaovaa tai mchana, wote wako chini ya taa na ndoo, mifuko na vyandarua. Asubuhi kila kibaraza ni kunyonyoa mabawa na miguu. Siku zinazofuata mabasi ya Mwanza na Dar es Salaam yanaondoka na vifurushi, maana Mhaya aliyeko Temeke haoni kama mwaka umekwisha vizuri kama hajatumiwa senene. Watafiti wa Kenya waliowapima senene wa Siaya walikuta kwamba, kwa uzito mkavu, zaidi ya theluthi moja ni protini na karibu nusu ni mafuta. Ndiyo maana wanakaangika kwa mafuta yao wenyewe. Hiki ni chakula, na kwa familia nyingi ni fedha ya sare na madaftari ya Januari.

Siku hizi kila msimu lalamiko ni moja: wameshuka wachache, au wameshuka usiku mmoja wakapotea, na bei ya kopo imepanda. Na maelezo tunayopeana ni mamoja pia. Mvua zimechelewa. Tabianchi imebadilika. Upepo haukuvuma kutoka ziwani. Sikatai hata moja kati ya hayo. Ila nimechoka kusikia tukizungumzia mawingu tu, mahali ambapo hakuna kiongozi anayeweza kufanya lolote, huku tukinyamazia ardhi, ambayo hugawiwa kwa muhtasari wa kikao na muhuri wa kijiji.

Senene, ambaye wataalamu humwita Ruspolia differens, si nzige ingawa watu wa mikoa mingine hutucheka kwamba tunakula nzige. Ni wa jamii ya panzi wenye papasi ndefu kuliko mwili. Wengi ni wa kijani au kahawia, na wachache, wale wanaogombaniwa na watoto, wana rangi ya zambarau. Dume hulia usiku kwa kusugua mabawa, mlio mmoja mrefu usiokatika, na mtu anayejua kusikiliza anaweza kutembea kandokando ya rweya akatambua kama wapo hata msimu usio wa kushuka. Maana hawa wadudu hawazaliwi angani wala ziwani. Wapo mwaka mzima, wachachewachache, ndani ya nyasi.

Na nyasi zenyewe si zozote. Chakula anachokipenda ni suke: maua ya nyasi, na punje changa ambazo bado zina maziwa ndani. Watafiti wa Uganda waliomfuatilia shambani wamemkuta kwenye mapanikamu, kwenye Chloris, kwenye Hyparrhenia ambazo sisi huezekea na kutandaza, kwenye ukoka na mabingobingo, na wamemwona akihama kutoka nyasi moja hadi nyingine kadiri zinavyotoa masuke kwa zamu. Hapo ndipo penye siri yake. Anahitaji nyasi za aina mbalimbali zinazochanua kwa nyakati tofauti, ili moja ikikauka nyingine iwe inaanza. Jike naye hutaga mayai yake kwenye nyasi zilizosimama, katikati ya ala ya jani na bua. Yakianguliwa hutoka matunutu wasio na mabawa, na hao hujivua ngozi mara kadhaa, wiki baada ya wiki, kabla ya kuwa senene anayeruka. Kwa muda wote huo hawana pa kwenda. Nyasi ikikatwa, ikichomwa, au ikiliwa na ng'ombe hadi chini, kizazi hicho kimekwisha hapohapo, na hakuna taa itakayokiona.

Kwa hiyo eneo la senene ni nyasi ndefu, mchanganyiko, iliyoachwa muda wa kutosha kutoa suke na kulea. Uwanja wa mpira haumfai. Shamba la miti la safu kwa safu, lililofunika jua lote, halimfai. Mabwawa ya matete tu hayamtoshi. Kwa mkoa wetu, hasa Bukoba, Muleba na Missenyi, eneo linalofaa lina jina, na kila Mhaya analijua.

Niruhusuni nikae kidogo kwenye rweya, kwa sababu naona wataalamu wanaohamishiwa kwetu kutoka mikoa mingine huipita kwa gari wakidhani ni pori lililoshindikana. Ardhi yetu ina mpango wake wa zamani. Pana kibanja, ambako ndiko nyumba, migomba, kahawa na maharage. Pana kikamba, pembeni, ambako rutuba imepungua. Kisha pana rweya, nyasi za wazi kati ya kijiji na kijiji, juu ya udongo mwembamba wenye tindikali uliotokana na mawe ya mchanga. Karibu na ziwa mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na mvua hiyo imeisuuza rutuba ya rweya kwa karne nyingi. Wazee hawakuiacha wazi kwa uvivu. Walijua haizai mgomba. Wakaifanya malisho, jioni ng'ombe wakarudi na samadi yao ikaenda kibanjani. Wakakata nyasi zake kutandaza chini ya migomba, kuezekea msonge, na kutandika sakafuni wageni wakija. Akina mama wakalima humo misiri yao, yaani vishamba vya njugumawe na viazi, mwaka mmoja au miwili, kisha wakaiacha ipumzike. Kwa maneno mengine, kibanja mnachokisifia kwenye maonyesho ya Nanenane kililishwa na rweya. Senene alikuwa ziada tu, zawadi isiyolimwa.

Hiyo rweya inapungua, na si maneno ya wazee peke yao. F. P. Baijukya na wenzake, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2005 kuhusu mifumo ya kilimo cha migomba katika Wilaya ya Bukoba, walilinganisha hali ya mwaka 1961 na ya 1999, wakaonyesha jinsi nyasi zilivyopungua huku mashamba ya mazao ya msimu na miti yakipanuka. Tangu 1999 hakuna aliyesimamisha jambo hilo. Atokaye Bukoba kwenda Muleba leo na ahesabu mwenyewe, kwa macho tu, vilima vilivyovaa mikaratusi na misindano ambavyo utotoni mwake vilikuwa vya nyasi.

Sipingi miti. Nguzo za umeme, kuni, mbao na fito vyote tunavihitaji, na mtu aliyepanda mikaratusi yake akasomeshea mtoto simlaumu. Nachopinga ni hesabu inayofanyika ofisini. Kila halmashauri nchini imeagizwa ipande miti milioni 1.5 kwa mwaka. Mwaka 2018 nchi yetu iliahidi, katika mpango wa Afrika wa kurejesha uoto, kurejesha hekta milioni 5.2. Mkurugenzi aliye na lengo hilo kichwani anatafuta mahali pa kuweka miche. Vibanja vina wenyewe. Misitu ya hifadhi ina miti tayari. Inabaki rweya, ambayo kwenye karatasi haina mtu, haina zao, na inaonekana imekatwa miti. Lakini rweya si msitu uliokatwa. Kupanda misindano juu yake hakurejeshi chochote. Kunaondoa kilichokuwepo na kuleta kitu kingine, halafu taarifa inakwenda mkoani kwamba uoto umeongezeka.

Njia ya pili ya kupotea kwake ni ya kimyakimya zaidi, na imo ndani ya sheria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inaigawa ardhi ya kijiji katika mafungu: ardhi ya matumizi ya pamoja, ardhi inayomilikiwa na watu au familia, na ardhi iliyobaki ambayo kijiji kinaweza kuigawa baadaye. Rweya kwa mila ni ya pamoja. Ila kijiji kisipoitaja rasmi kuwa ya pamoja, nani atamzuia mwenyekiti kuihesabu katika fungu la tatu? Hapo ndipo anapoingia mtu na fedha zake, anapewa ekari kumi, anaweka mipaka, na mwakani anapewa mwenzake. Mkutano wa kijiji ukiridhia, hakuna aliyevunja sheria. Sheria hiyohiyo, pamoja na ile ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007, inaupa mkutano mkuu wa kijiji nguvu ya kusema kipande hiki ni cha pamoja na kitabaki hivi. Kinachokosekana ni ofisa wa ardhi atakayefika na kipimo, na mtendaji atakayeambiwa na mkubwa wake kwamba nyasi nazo ni matumizi ya ardhi.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu linaonyesha kuwa uwezo tunao.

Serikali yetu inawajua wadudu wa nyasi. Inawajua sana. Nzige wekundu, walioitesa Afrika ya Mashariki na Kusini kati ya 1930 na 1944, wanajulikana mahali wanapozalia hadi kwa majina: Bonde la Rukwa, tambarare za Iku kule Katavi, Wembere, Malagarasi. Ipo taasisi ya kimataifa yenye makao yake Ndola, Zambia, ambayo Tanzania ni mwanachama wake, na kazi yake ni kuzikagua nyika hizo, kujua nyasi zimekaaje, maji yamepanda au yameshuka, na nzige wamefikia wapi. Na si nzige tu. Kwa viwavijeshi nchi hii ina mitego inayokamata nondo wake na kuwahesabu usiku kwa usiku. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 vijiji vya Kilosa vilipewa mtego na kipima mvua, wanakijiji wenyewe wakafundishwa kusoma na kutoa tahadhari, na wakaweza. Wala hawakuwa na shahada.

Basi mdudu anayekula mahindi yetu ana ramani, ana mtego, ana bajeti na ana shirika. Mdudu ambaye sisi ndio tunamla hana hata daftari. Sijawahi kuona, katika ofisi yoyote ya kata niliyoingia, karatasi inayosema senene walishuka lini mwaka juzi, wengi kiasi gani, wakatokea upande upi. Tunabishana kwenye vijiwe kama wamepungua au hawajapungua kwa sababu hakuna aliyewahi kuandika.

Mnisamehe nikiwa mkali hapa. Nadhani sababu ni kwamba senene hana wizara. Kwa watu wa kilimo ni mdudu, na mdudu huulizwa dawa yake. Kwa watu wa maliasili, mnyama ni mwenye pembe au meno ambaye mgeni atalipa dola kumwona. Kwa watu wa misitu, pasipo na miti si pao. Kwa watu wa mifugo, nyasi ni za ng'ombe. Kwa watu wa biashara anaanza kuwapo akishakuwa kwenye ndoo, ili atozwe ushuru. Mtu mmoja tu, kila mkoa, akipewa jukumu hili kwa barua, nusu ya kazi itakuwa imefanyika. Pale Maruku tuna kituo cha utafiti wa kilimo kinachoijua ardhi ya Bukoba kuliko mtu yeyote. Tangu 2019 tuna pia hifadhi za taifa za Burigi-Chato, Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe, zenye nyasi zilizolindwa kisheria. Mtu wa Maruku na mtu wa hifadhi wakikaa meza moja, wanaweza kulinganisha nyasi za ndani ya hifadhi na zile za vijijini, na kutuambia wapi matunutu ni wengi.

Kuhesabu si kugumu. Shule za sekondari zenye umeme zimetapakaa mkoa mzima. Chagueni chache zilizo karibu na rweya na chache zilizo mbali nayo. Kila moja iwe na taa moja ya aina ileile, bati moja, ndoo moja, na kipima mvua. Kuanzia Oktoba hadi Desemba, na tena Machi hadi Mei, wanafunzi wawashe kwa saa zilezile, wapime uzito wa waliokamatwa, waandike rangi, waandike mvua, kisha wale. Sidhani kama mtakosa wa kujitolea. Mwalimu wa baiolojia atapata somo, halmashauri itapata takwimu, na baada ya misimu michache ubishi wa vijiweni utakuwa na kitu cha kushika.

Kuhusu moto. Kila kiangazi, Juni hadi Septemba, rweya huchomwa, mara nyingine na wachungaji wanaotaka majani machanga, mara nyingine na mtu asiyejulikana, na moto kichaa unakula kilima kizima kwa jioni moja. Kuna watakaosoma barua hii wakadhani naomba moto upigwe marufuku kabisa. Hapana. Rweya isiyochomwa wala kulishwa kwa miaka mingi hugeuka kichaka, na kichaka nacho hakimfai senene. Ninachoomba ni vipande. Kijiji kiigawe rweya yake, kipande kimoja kichomwe mapema mwanzoni mwa kiangazi wakati nyasi bado ina unyevu na moto hauendi mbali, vingine viachwe, mwakani zamu ibadilike. Hivyo mvua za vuli zikianza, daima patakuwa na nyasi iliyosimama yenye mayai na matunutu, na jirani yake nyasi changa ya ng'ombe. Kilichofanyika hadi sasa ni sheria ndogo zinazotoza faini kwa anayechoma, ambazo matokeo yake ni kwamba watu huchoma usiku, mwishoni mwa kiangazi, kila kitu kwa pamoja. Faini imezaa moto mbaya zaidi.

Kuhusu taa nitasema jambo ambalo halitawafurahisha wafanyabiashara wenzangu. Wanasayansi waliowachunguza senene wa Uganda tangu miaka ya 1970 wameeleza kwamba wale wanaoruka kwa makundi, wengi wao wana mafuta tele tumboni huku mayai yakiwa bado hayajakomaa. Mafuta hayo ni akiba ya safari na ya uzazi utakaofuata. Ndiyo utamu wenyewe tunaousifia. Kwa lugha nyepesi, jike anayekamatwa chini ya taa kwa kawaida bado hajataga. Zamani halikuwa tatizo: mama na watoto wake wakiokota alfajiri kwenye umande, wakajaza vikapu, mamilioni walibaki. (Zamani hizohizo mama aliokota, akanyonyoa, akakaanga, na desturi ikamkataza kula. Hiyo ni mila moja ambayo simlaumu mtu aliyeizika.) Siku hizi upande wa Masaka na Kampala, Uganda, pamekuwa na uvunaji wa viwanda: mabati yamesimamishwa kama ukuta, mapipa chini yake, taa kali juu, moshi, usiku kucha, mamia kwa mamia. Mtindo huo umevuka mpaka wa Mutukula. Na kwenye yale mapipa haingii senene peke yake. Wanaingia nondo, mbawakawa, na yule mdudu mwembamba mwekundu na mweusi anayeunguza ngozi za vijana wanaokesha hapo, na wote hutupwa asubuhi.

Siombi mitego ipigwe marufuku. Watu wanakula kupitia hiyo. Naomba kila halmashauri iweke idadi ya mitego mikubwa kwa kila kata, itoe kibali kwa msimu, na iweke usiku ambao taa kubwa zinazimwa, tuseme usiku mmoja katika kila mitatu, ili wanaopita wapite. Atakayeokota kwa mkono chini ya taa ya barabarani asiguswe wala asitozwe. Na kama mtaanza kutoza ushuru kwa wenye mapipa, sehemu yake irudi kupima rweya. Itakuwa aibu kutoza mavuno ya ardhi mnayoigawa.

Kuna wanaosema tatizo litakwisha kwa kufuga senene. Kweli, Nairobi na Kampala wapo watafiti wanaojaribu kuwazalisha kwenye vizimba, na nawatakia heri. Ila mfugo huo unahitaji chakula cha kununuliwa, joto linalodhibitiwa na mbegu kutoka porini. Atakayenufaika ni mwenye mtaji. Yule mama wa Kamachumu anayengoja Novemba hana kizimba, ana kilima kilicho mbele ya nyumba yake.

Na viuatilifu pia, kwa ufupi. Tangu viwavijeshi vamizi waingie nchini mwaka 2017, wakulima wananyunyizia mahindi dawa kuliko zamani, na senene wakishuka hutua popote. Maofisa ugani watangaze mapema, kila msimu, kwamba shamba lililonyunyiziwa lisiokotwe senene kwa siku kadhaa zinazoandikwa kwenye kibandiko cha dawa. Hili halihitaji kikao.

Sitawatisha kwa uongo. Senene hayuko katika hatari ya kutoweka duniani. Anapatikana Uganda, magharibi ya Kenya, Rwanda, Burundi, Kongo, hadi Zambia, Kameruni na Madagaska. Wapo wadudu wa jamii yake walio katika hali mbaya zaidi kwenye nchi hiihii: panzi wasio na mabawa wa Kilimanjaro, Usambara na Uluguru, ambao baadhi yao wanaishi kwenye mlima mmoja tu duniani, na ambao wengi wasingejulikana kama mtafiti Claudia Hemp asingetumia miaka mingi kupekua nyasi na vichaka vya Kilimanjaro. Hao wakipoteza mlima wao wamekwisha. Senene ana mabawa, atasogea. Kinachoweza kututoka sisi ni wingi wake, lile kundi linaloshuka mpaka taa inafifia. Mdudu anaweza kuendelea kuwapo Kagera, mmojammoja kwenye kingo za barabara, na bado pasiwe na msimu wa senene tena. Kwa mama wa Kamachumu tofauti kati ya hali hiyo na kutoweka haipo.

Na kwa kuwa ana mabawa, hatutamweza peke yetu. Anayeshuka Bukoba leo huenda alilelewa Rakai, na wetu huenda kwao. Ng'ambo ya mpaka upo hata ukoo wa Nsenene katika Buganda, ambao kwao kumla ni mwiko. Hata wao wana haki ya kuulizwa. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya umeme wa Kagera ilitoka Uganda kupitia Masaka, kwa nyaya zilizovuka mpaka uleule. Kama tuliweza kugawana umeme, takwimu za senene hazitatushinda. Tume ya Bonde la Ziwa Viktoria iko Kisumu, ni ya Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki, na ndipo mahali pa kupeleka ombi la kuhesabu kwa pamoja, tarehe zilezile na taa zilezile, Bukoba, Masaka na Siaya.

Nimeambiwa kwamba baraza la madiwani hupanga bajeti mwanzoni mwa mwaka, na kwamba jambo lisiloandikwa kabla ya hapo husubiri mwaka mwingine. Ndiyo maana ninaandika sasa. Ninachoomba kiingie katika bajeti zijazo ni kidogo: upimaji wa rweya katika vijiji vitano kwa kila halmashauri ya ukanda wa ziwa, taa na ndoo za shule zitakazochaguliwa, na siku moja ya wenyeviti wa vijiji kukaa na maofisa wa ardhi na wa misitu kupanga moto. Huku hayo yakisubiriwa, liko moja lisilohitaji hata shilingi: tamko kwamba hakuna ekari ya rweya itakayogawiwa au kupandwa miti hadi mkutano mkuu wa kijiji husika uwe umeitishwa na wananchi wameambiwa wazi kinachogawiwa ni nini. Tamko hilo likibandikwa kwenye mbao za matangazo za kata kabla ya mvua za vuli, tutajua barua hii imesomwa.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mkazi na muuza senene,
Wilaya ya Muleba, Kagera.

Nakala:
Waheshimiwa wabunge wote wa Mkoa wa Kagera
Kituo cha utafiti wa kilimo, Maruku
Uongozi wa Hifadhi za Taifa Burigi-Chato, Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe
Wenyeviti wa vijiji vyenye rweya, kwa kubandikwa